Kukwama kwa Gari Njiani na Wajibu wa Kiwanda Kilicholiunda

Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda mpakani Sirari hupita Bunda, ikaendelea hadi Kiabakari na Makutano, mahali ambapo njia ya Musoma na ile ya Butiama huachana nayo. Mwenye kusafiri mara kwa mara katika sehemu hiyo ya Mkoa wa Mara hakosi kuona gari lililosimama kando ya lami. Matawi ya miti yamewekwa mbele na nyuma yake kuwa alama ya hatari, dereva amejilaza kivulini, na utingo amekwenda mjini kutafuta fundi. Wapitao hutoa pole na kuendelea na safari yao. Kuharibika kwa gari huhesabiwa sawa na mvua au jua, jambo lisilo na mwenye kuulizwa.

Dhana hiyo aghalabu ni sahihi. Gari ni mashine yenye maelfu ya sehemu zinazosuguana, na kila kinachosuguana hulika. Lakini yako mafungu ya magari ambayo yalikwisha kuwa na kasoro siku yalipotoka kiwandani, kabla hayajapakiwa melini, na kabla mnunuzi wa Bunda au Butiama hajayaona. Kwa magari hayo yuko mwenye kuulizwa. Tofauti baina ya hali hizi mbili mara nyingi imeandikwa katika kipande kilichovunjika, kwa maandishi yanayosomeka na mtu aliyefundishwa kuyasoma. Bahati mbaya ni kwamba kipande hicho ndicho cha kwanza kutupwa.

Na ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, pikapu iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika nchini Japani, ambayo hubeba sangara waliofunikwa kwa barafu kutoka Musoma kwenda Mwanza. Karibu na Kiabakari ekseli ya nyuma inakatika. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa dereva alikuwa akienda taratibu. Kufika saa kumi jioni barafu imekuwa maji, na samaki wameanza kutoa harufu. Fundi anafika na pikipiki, anatazama, anasema chuma kimechoka, anafunga ekseli iliyochomolewa katika gari bovu, na kile kipande cha zamani anakichukua kwenda kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hasara inabaki kwa mwenye gari na mwenye samaki, na hakuna atakayejua tena kilichotokea.

UCHOVU WA METALI

Maneno ya fundi yule yana ukweli mwingi kuliko anavyodhani. Wanasayansi nao husema kwamba metali huchoka, na neno hilo kwao lina maana maalumu. Tarehe 8 Mei 1842 treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles ilivunjika ekseli ya injini ya mbele. Mabehewa yalipandana na kushika moto, na kwa kuwa milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo, kama ilivyokuwa desturi wakati ule, zaidi ya watu hamsini walikufa. Wataalamu walistaajabu. Ekseli ile haikuwa imebebeshwa mzigo wa ajabu siku hiyo. Mwaka uliofuata mhandisi wa Uskoti, William Rankine, alieleza kwamba ekseli za aina hiyo hazivunjiki kwa ghafla. Ufa huanza mdogo mno penye kona kali, kisha huendelea kidogo kidogo kuelekea ndani, mpaka chuma kilichosalia kishindwe kubeba mzigo.

Aliyelifanya jambo hilo kuwa sayansi ya vipimo ni Mjerumani August Wöhler. Kati ya miaka ya 1850 na 1870 alitengeneza mitambo ya kuzungusha ekseli huku zikiwa zimepindwa kwa nguvu maalumu, akahesabu mizunguko mpaka zikatike. Aliona mambo mawili. La kwanza ni kwamba nguvu ndogo, ambayo ekseli ingeweza kuistahimili mara moja bila dalili yoyote, huivunja ikirudiwa mara nyingi. La pili ni kwamba, kwa chuma, uko mpaka wa nguvu ambao chini yake ekseli hudumu hata baada ya mizunguko mamilioni.

Sababu ya ekseli kuwa na mkasa huu yafaa ielezwe. Uzito wa gari huipinda ekseli ya pikapu ya aina hii kwa kiasi kidogo sana. Upande wa juu unabanwa na upande wa chini unavutwa. Gurudumu likizunguka nusu duara, sehemu iliyokuwa juu huja chini, na iliyokuwa ikibanwa sasa inavutwa. Kwa hiyo kila mzunguko mmoja ni mvuto mmoja na mbano mmoja. Gurudumu lenye mzingo wa meta 2.1 huzunguka takriban mara 476 katika kilometa moja. Kutoka Musoma hadi Mwanza ni kiasi cha kilometa 220, yaani mizunguko ipatayo 105,000. Safari tano za kwenda na kurudi zinapita milioni moja. Mwanafunzi akiendelea na hesabu hii kwa mwaka mzima ataona kwamba ekseli ya gari la biashara imekwisha kuvuka zamani idadi ya mizunguko iliyomshughulisha Wöhler. Ikiwa bado ni nzima, ni kwa sababu mhandisi aliyeibuni aliiweka chini ya ule mpaka.

Walimu wanaweza kuonyesha uchovu huu darasani bila gharama. Kibanio cha karatasi cha waya kinyooshwe, kipindwe nyuzi 90 na kurudishwa, na idadi ya mipindo ihesabiwe hadi kikatike. Jaribio lirudiwe kwa vibanio kumi na wastani upatikane. Kisha lifanywe upya kwa nyuzi 45. Wanafunzi wengi hutazamia kwamba pembe ikipungua nusu, idadi ya mipindo itaongezeka maradufu tu. Matokeo yatawashangaza, na mchoro watakaouchora utakuwa ndugu wa mchoro wa Wöhler, ingawa waya huo huharibika kwa kupindwa sana mara chache, na ekseli kwa kupindwa kidogo mara nyingi.

KUSOMA KIPANDE KILICHOVUNJIKA

Uso wa ekseli iliyokatika kwa uchovu una sehemu mbili. Ya kwanza ni laini, na mara nyingi ina mistari ya nusu duara iliyopangana. Aliyewahi kutembea ufukoni Musoma maji ya ziwa yanapokuwa yamerudi nyuma ameona mistari kama hiyo katika mchanga, kila mstari ukionyesha mahali maji yalipokoma kwa muda. Katika chuma kila mstari unaonyesha mahali ufa ulipokoma, pengine gari lilipolala au lilipopunguziwa mzigo. Sehemu ya pili ni yenye chenga, kama sukari guru iliyovunjwa, nayo ni ile iliyokatika kwa mara moja siku ya mwisho.

Mistari ile ya nusu duara huzunguka mahali pamoja, kama viwimbi vinavyozunguka jiwe lililotupwa majini. Mahali hapo ndipo ufa ulipozaliwa, na hapo ndipo penye jibu la swali la nani aulizwe. Mtaalamu akikuta ndani ya chuma, penye asili ya ufa, punje ya takataka iliyoingia wakati wa kuyeyusha, kosa ni la aliyekifua chuma hicho. Akikuta kona kali mahali ambapo mchoro ulipaswa kuwa na mviringo, au mkwaruzo wa kisu cha mashine uliozunguka ekseli nzima, kosa ni la aliyebuni au aliyechonga. Lakini ufa ukianza penye kishimo cha kutu, au penye alama ya kulehemu iliyofanywa gereji, kiwanda kimekwisha kutoka katika shauri. Kulehemu ekseli ni jambo baya kuliko watu wengi wanavyofikiri. Joto lake hubadilisha hali ya chuma pembeni mwa mshono, na mara nyingi ufa mpya huzaliwa hapo hapo.

Ukubwa wa zile sehemu mbili nao una habari. Ikiwa sehemu ya chenga ni ndogo, maana yake ni kwamba kipande chembamba tu cha chuma kilitosha kubeba gari mpaka siku ya mwisho, kwa hiyo mzigo haukuwa mkubwa. Ikiwa sehemu ya chenga ni karibu uso mzima, gari lilizidishiwa mzigo. Hapa wenye magari wa Mara, na wa mikoa mingine pia, wanapaswa kujitazama kwa haki. Uhai wa ekseli haupungui kwa uwiano wa kawaida na mzigo. Na ichukuliwe, kwa kielelezo tu, kwamba uhai hupungua kwa kipeo cha tano cha nguvu inayoipinda. Basi nguvu ikizidishwa mara moja na nusu, uhai hugawanywa kwa zaidi ya saba, na ikizidishwa mara mbili, hugawanywa kwa 32. Mwenye pikapu ya tani moja anayepakia tani mbili hawezi kulaumu kiwanda, na uso wa chuma utamshuhudia.

Kwa sababu hiyo kipande kilichovunjika hapana budi kitunzwe kwa adabu. Wengi hushika vipande viwili na kuvigonganisha ili kuona kama vinalingana. Kwa kufanya hivyo husaga ile mistari na kuifuta. Wengine husugua kwa brashi ya waya ili kutoa uchafu. Yatoshayo ni kupaka mafuta mepesi ili unyevu wa ziwa usilete kutu, kufunga kila kipande peke yake kwa kitambaa kikavu, na kuandika tarehe, mahali, usomaji wa mita ya kilometa, na uzito uliokuwa umebebwa. Picha zipigwe kabla ya fundi kufungua chochote.

KUTOKA KOCHI LA POSTA HADI GURUDUMU LA MTI

Mwaka ule ule wa 1842 ambao ekseli ya Versailles ilikatika, mahakama ya Uingereza ilitoa hukumu katika shauri la dereva mmoja wa kochi la kukokotwa na farasi, Winterbottom, dhidi ya Wright, aliyekuwa na mkataba na Posta wa kutoa makochi na kuyaweka katika hali nzuri. Kochi lilivunjika na dereva akalemaa. Mahakama ilikataa madai yake. Mkataba ulikuwa baina ya Wright na Posta. Dereva hakuwamo katika mkataba huo. Mahakimu waliogopa kwamba wakimruhusu dereva, kila mpita njia aliyeumizwa na kochi angekuwa na haki ya kushtaki, na mashtaka yasingekuwa na mwisho.

Kwa muda wa miaka sabini na zaidi hofu hiyo iliwalinda wenye viwanda. Aliyenunua kwa muuzaji alikuwa na mkataba na muuzaji tu, na kiwanda kilikuwa mbali nyuma ya ukuta. Ukuta huo ulibomolewa na gari. Nchini Marekani, MacPherson alinunua gari la Buick kwa mfanyabiashara. Lilikuwa na magurudumu ya mti, na njiti za gurudumu moja zikasagika gari likiwa mwendoni, naye akatupwa nje na kuumia. Kampuni ya Buick ilijitetea kwamba haikumuuzia yeye, na kwamba hata gurudumu lenyewe ililinunua kwa kiwanda kingine. Mwaka 1916 Mahakama ya Rufani ya New York, kwa kalamu ya Jaji Benjamin Cardozo, iliyakataa yote mawili. Ubovu wa mti ule ungegunduliwa kwa ukaguzi wa kawaida, na ukaguzi huo haukufanywa. Kitu ambacho kikiundwa kwa uzembe kitahatarisha maisha humfunga aliyekiunda kuwa mwangalifu kwa ajili ya yule atakayekitumia, awe amemuuzia au hakumuuzia.

Uingereza ilifika huko mwaka 1932, na safari hii si kwa gari bali kwa chupa ya kinywaji cha tangawizi iliyosemekana kuwa na konokono aliyeoza. Shauri hilo la Donoghue na Stevenson hufundishwa katika kila kitivo cha sheria Afrika Mashariki. Tanzania ilipokea kanuni za sheria ya Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu za baadaye kama hiyo huzingatiwa na mahakama zake kwa uzito wa hoja, ingawa si amri juu yake. Ulaya kwa mwongozo wa mwaka 1985, na Japani kwa sheria ya mwaka 1994, zilikwenda mbele zaidi. Huko aliyeumia hahitaji kuthibitisha kwamba kiwanda kilizembea. Huthibitisha tu kwamba bidhaa ilikuwa na kasoro na kwamba kasoro hiyo ndiyo iliyomdhuru.

Maneno "huthibitisha tu" ni mepesi kuyaandika. Tukio lililotokea Japani kwenyewe laonyesha uzito wake.

GURUDUMU LA YOKOHAMA

Katika Tanzania jina Fuso limekwisha kuwa neno la kawaida. Mtu husema amepanda Fuso au amekodi Fuso bila kufikiri kwamba ametaja jina la kampuni. Tarehe 10 Januari 2002, mjini Yokohama, lori kubwa lililoundwa na Mitsubishi lilifyatuka gurudumu la mbele. Gurudumu lilibingirika likampiga mama mmoja kijana aliyekuwa akitembea na watoto wake wawili. Mama alikufa, na watoto waliumia. Kilichokatika ni habu, yaani kitovu kinachobeba gurudumu. Kilikuwa kimekatika mzunguko mzima.

Kampuni ilisema habu ililika kwa sababu ya matengenezo mabovu ya mwenye lori, na ikatangaza kipimo: habu iliyolika milimita 0.8 au zaidi ibadilishwe. Jibu hilo lilionekana la kisayansi, maana lilikuwa na kipimo na sehemu ya desimali. Tena halikuwa la uongo kwa kila habu, kwani bolti zisizokazwa vizuri hulegeza gurudumu na kuongeza kulika. Tatizo ni kwamba habu za aina hiyo zilikuwa zimekwisha kukatika mara nyingi kabla ya siku hiyo, mojawapo ikiwa ya basi katika mkoa wa Hiroshima mwaka 1999, na miongoni mwa matukio hayo yalikuwamo ambayo hayakuweza kuelezwa kwa matengenezo mabovu. Mwenye lori mmoja hakuweza kulijua hilo. Yeye aliona lori lake tu. Aliyekuwa na orodha nzima ni kiwanda.

Mwaka 2000 ilikuwa imekwisha kugunduliwa kwamba kampuni hiyo ilikuwa ikificha malalamiko ya wateja yasifike wizarani. Machi 2004, baada ya uchunguzi wa polisi, kampuni ya Mitsubishi Fuso, ambayo wakati huo ilikuwa imetengwa na kampuni mama, ilikiri kwamba habu zenyewe zilikuwa na kasoro, ikaita malori yarudishwe kwa matengenezo ya bure. Maofisa wawili waliokuwa na dhamana ya ubora walitiwa hatiani mwaka 2007 kwa kutochukua hatua baada ya ajali ya basi la 1999, na Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ikaikataa rufani yao mwaka 2012. Yafaa iongezwe, ili asitishike mwenye lori wa Bunda, kwamba kasoro hiyo ilihusu aina maalumu za habu za malori makubwa, si kila gari lenye jina hilo.

Ni vigumu kutolaumu. Kwa miaka miwili neno "matengenezo" lilitumiwa kumtupia mwenye gari mzigo usio wake, na lingeendelea kutumiwa kama vipande vilivyovunjika visingehifadhiwa na kulinganishwa.

ALIYEKWAMA BILA KUUMIA

Na irudiwe sasa ile pikapu ya samaki. Hapa sheria ina upungufu ambao wengi hawautazamii. Kanuni ya MacPherson na Donoghue hulinda mwili wa mtu, na mali nyingine iliyoharibiwa na kitu chenye kasoro. Haifidii bei ya kitu chenyewe. Uingereza ilithibitisha msimamo huo mwaka 1990, na hata zile sheria za Ulaya na Japani haziigusi hasara ya bidhaa yenyewe. Dereva aliyekatikiwa ekseli karibu na Kiabakari akasimama salama hana, kwa njia hiyo, madai makubwa dhidi ya kiwanda. Angekuwa nayo kama angepinduka.

Njia yake ya kwanza ni kwa muuzaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, huweka katika mauzo ya mfanyabiashara sharti lisiloandikwa kwamba bidhaa iwe ya ubora unaofaa kuuzwa, na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Gari lililotumika halitazamiwi kuwa kama jipya, na umri wake na bei yake huzingatiwa. Mnunuzi aliyelikagua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ungepaswa kuiona. Lakini ufa uliojificha chini ya beringi hauonekani kwa kuzunguka gari na kupiga teke matairi. Muda wa kudai kwa mkataba ni miaka sita, na kwa uzembe usio wa mkataba ni miaka mitatu. Kuhusu samaki, mahakama itauliza kama muuzaji alijua gari litafanya kazi gani. Kwa hiyo ni vizuri kazi hiyo iandikwe katika hati ya mauzo.

Njia ya pili ni Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani. Licha ya jina lake, sehemu kubwa ya sheria hiyo ni ya kumlinda mlaji, na ina vifungu juu ya wajibu wa wenye viwanda, juu ya usalama wa bidhaa, na juu ya kurudishwa kwa bidhaa zenye hitilafu. Mtu mmoja anayepeleka malalamiko juu ya ekseli moja huonekana mwenye bahati mbaya. Watu ishirini wa Musoma, Bunda na Tarime wakipeleka malalamiko juu ya ekseli ya modeli ile ile, iliyokatika mahali pale pale, wanaunda ile orodha ambayo Yokohama ilikuwa kabatini mwa kiwanda. Vyama vya wenye magari ya biashara vingeweza kuitunza kwa daftari la kawaida.

KASORO ISIYOACHA UFA

Si kila kinachomkwamisha mtu ni chuma. Mwaka 2020 Toyota, na baadaye viwanda vingine, vilianza kuita mamilioni ya magari duniani kwa sababu ya pampu ya mafuta iliyoundwa na kampuni ya Denso. Pampu hiyo imo ndani ya tangi, nayo huendeshwa kwa umeme. Ndani yake mna pangaboi dogo la plastiki linalosukuma petroli kwenda kwenye injini. Baadhi ya mapangaboi hayo yalifinyangwa kwa plastiki yenye densiti ndogo kuliko ilivyotakiwa, na yakakaa muda mrefu yakikaushwa kutokana na kimiminiko cha kiwandani, hata yakafanya nyufa ndogo usoni. Petroli ilipenya katika nyufa hizo na plastiki ikavimba, kama maharage yanavyovimba yakilowekwa. Nafasi kati ya pangaboi na nyumba yake ni finyu mno. Likivimba hugusa ukuta, likazunguka kwa shida, na mwishowe likakwama.

Dereva huona injini ikikohoa, taa ya hitilafu ikiwaka, kisha gari likizimika, pengine katikati ya mwendo. Fundi wa njiani akikuta hivyo hushuku petroli chafu au maji ndani ya tangi, na hana kosa kushuku hivyo, kwa maana uchafu nao huua pampu. Tofauti hupatikana kwa kuifungua pampu. Chujio lililojaa matope huelekeza lawama kwa mafuta. Chujio safi pamoja na pangaboi lililobana dhidi ya ukuta huelekeza lawama kwa kiwanda. Nayo pampu, kama ekseli, isitupwe.

Wito wa kurudisha magari hutumwa kwa barua kwa mwenye gari aliyeandikishwa. Gari lililouzwa kutoka Japani na kufika Butiama kupitia mnada, wakala na bandari ya Dar es Salaam halina mwenye anayejulikana na kiwanda, na barua huishia kwa mtu aliyekwisha kuliuza. Kinachobaki ni namba ya chasisi. Hiyo hupigwa katika chuma cha fremu au katika ukuta unaotenga injini na chumba cha dereva, na ndiyo kiwanda hutumia kutambua gari limo katika fungu gani. Magari yaliyoundwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayotumika Marekani na Ulaya. Namba yake ni fupi: jina la modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo. Mwenye gari akiiingiza katika ukurasa wa mtandao wa Marekani huambiwa namba si sahihi, na wengi huishia hapo wakidhani gari lao halimo katika orodha. Ukurasa unaofaa ni ule wa kiwanda kwa ajili ya soko la Japani, au dirisha la wakala wa kiwanda hicho aliyeko nchini, ambako namba inapaswa kupelekwa kama ilivyopigwa kwenye chuma, si kama ilivyonakiliwa katika kadi ya gari.